Safari za Meli za Kitalii: Swala, Chakula na Mambo ya Kutengenezwa Kabla ya Kupanda

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Allah (Subhanahu wa Taala), na swala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allahu alayhi wasallam), Aali zake na Masahaba zake wote. Amma baad.

Tumekuwa tukipokea maswali mengi kuhusu safari za meli za kitalii. Mengi yanatoka kwa ndugu zetu wa Unguja na Pemba wanaoishi Muscat, Dubai na Ulaya, ambao hupenda kuwachukua wazee wao wapumzike nao baharini kwa siku chache. Ndugu mmoja, mkaazi wa Muscat kwa miaka mingi, ametuandikia kuwa yeye na dada zake wamechanga fedha ili wawalete wazazi wao kutoka Unguja na kuwapandisha meli Dubai kwa muda wa siku saba. Mama ana umri wa miaka 69, baba amemzidi kidogo. Ametuuliza: je, safari hii inafaa ilhali ndani ya meli mna baa na kamari? Wataswali vipi? Watakula nini? Na kitu gani wakitengeneze mapema?

Tumeona tulijibu swali hili kwa urefu ili wengine wanufaike. Tutafuata zaidi madhehebu ya Imam Shafi (Allah amrehemu), kwa kuwa ndiyo yaliyoenea visiwani kwetu, na pale penye khitilafu yenye kumgusa msafiri tutaitaja.

Meli hizi ni za namna gani

Meli ya kitalii si kama boti zetu za Dar es Salaam au Pemba. Ni mji unaoelea. Ina vyumba vya kulala, mikahawa, mabwawa ya kuogelea, maduka, zahanati, kumbi za muziki, na mara nyingi baa na chumba cha kamari. Abiria hulala humo humo, na meli husafiri usiku na kutia nanga mchana katika bandari mbalimbali. Katika Ghuba, msimu wake ni miezi ya baridi, na bandari zinazozoeleka ni Dubai, Abu Dhabi, Doha, Muscat na Khasab. Katika bahari ya Mediterania msimu mkubwa ni wa joto.

Bahari kwetu si jambo geni. Wazee wetu walikwenda Hijja kwa vyombo mpaka Jeddah, na masuala ya kibla, twahara na kusimama katika swala waliyasoma na wakayafanyia kazi. Basi fikihi ya jambo hili ipo, na imo katika vitabu tunavyosomesha madrasa. Jipya ni haya mazingira ya anasa yaliyoizunguka.

Hukumu ya kuzipanda

Asili ya safari ya matembezi ni halali, na bahari ni katika neema ambazo Allah (Subhanahu wa Taala) amewakumbusha waja wake katika Suratul Israi aya ya 70. Wako wanavyuoni wanaokataza meli hizi moja kwa moja kwa sababu ya maasi yaliyomo, na kauli yao ina uzito, tunaiheshimu. Wengine wanaona kuwa meli ni kama mji au hoteli yenye halali na haramu: mwenye kuingia kwa haja ya halali na akaepuka haramu, hana dhambi ya walioifanya.

Tunaloliona sisi ni kwamba inafaa kwa masharti manne. Kwanza, swala zote tano zisimamishwe kwa nyakati zake. Pili, familia iweze kujitenga na pombe, kamari na kumbi za maasi. Tatu, fedha ziwe za halali, zisitokane na mkopo wa riba wala zisichukuliwe kwenye haki ya mtu mwingine. Nne, pakiwepo meli iliyo safi zaidi na uwezo wa kuipanda upo, hiyo ndiyo ichaguliwe. Siku hizi ipo. Kampuni ya Aroya ya Saudi Arabia ilianza safari zake kutokea Jeddah mwezi wa Disemba 2024, na meli yake haiuzi pombe na ina sehemu za kuswalia.

Ama mtu anayejijua kuwa akiona baa hawezi kujizuia, au kijana wake ndiyo kwanza anatoka katika kamari za simu, huyo tunamwambia asipande. Mlango wa fitina haufunguliwi kwa jina la kupumzika.

Kabla ya kulipa: vipi kuhusu Hijja?

Kabla ya kumjibu ndugu yetu, tulimuuliza swali moja: je, mama ameshahiji? Akatujibu kuwa baba alihiji zamani, lakini mama bado, wala hajafanya Umra.

Hapa lazima tuseme kwa uwazi. Katika madhehebu yetu Hijja ni wajibu mara moja kwa mwenye uwezo, na vile vile Umra. Wajibu huo una wasaa, yaani mtu anaweza kuchelewesha akiwa na azma ya kutekeleza. Lakini wasaa huo huondoka pale mtu anapokhofia kuwa atashindwa kwa uzee au maradhi, au mali yake itapotea. Madhehebu mengine yanaona ni wajibu wa papo hapo tangu uwezo unapopatikana. Basi mama wa miaka 69 mwenye mali yake mwenyewe inayomtosha, ikiwa ni shamba la mikarafuu, nyumba ya kukodisha au akiba, asihesabu kuwa bado ana muda.

Ama fedha za watoto, hizo hazimuwajibishii mama Hijja maadamu hajazimiliki, na mtoto hapati dhambi kwa kumpeleka mama yake matembezini. Lakini tuwe wakweli. Ikiwa watoto wamepata kiasi cha kumlipia mama meli, hoteli na ndege, na magoti yake bado yanambeba, ni wema upi mkubwa zaidi wanaoweza kumfanyia? Mwaka ujao magoti hayo hayana mdhamini.

Kwa anayetaka kukusanya mambo mawili, kama Umra kisha meli kutokea Jeddah, azingatie kuwa mwenye niya ya Umra tangu anatoka nyumbani hana ruhusa ya kupita mikati bila ya ihramu. Ahirimie ndegeni kabla ya kupita mikati, asingoje mpaka atue Jeddah.

Fedha, viza na bima

Bei inayotangazwa siyo yote utakayolipa. Kampuni nyingi huongeza ada ya kila siku kwa kila abiria kwa ajili ya wahudumu, na hujumlishwa kwenye hesabu ya chumba. Iulizieni kabla, na mkishaikubali ilipeni. Tumewasikia baadhi ya ndugu wakipeana mbinu ya kwenda mapokezi siku ya mwisho kuiondoa. Wanaosafisha chumba chako na kufua mashuka yako ni watu walioziacha familia zao miezi mingi, wengi wao kutoka Ufilipino, India na Indonesia. Usimaliziye safari yako kwa kuwapunguzia riziki.

Ndani ya meli hakuna kulipa taslimu. Kila kitu huandikwa kwenye kadi ya chumba. Meli hutaka uiunganishe na kadi ya benki, lakini kwa kawaida hukubali pia uweke amana ya taslimu mapokezi. Mwenye kukhofia riba ya kadi za mkopo aweke amana, kisha adai bakaa yake siku ya mwisho.

Wenye pasipoti ya Tanzania wazingatie viza. Meli ikitoka Dubai ikaenda Muscat kisha ikarudi Dubai, umeingia nchi hiyo mara mbili. Basi viza iwe ya kuingia zaidi ya mara moja. Hali ni hiyo hiyo kwa viza ya Schengen meli inapotoka nje ya eneo hilo na kurejea. Viza ya Schengen pia inashurutisha bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000. Bima za kibiashara zina maneno kwa wanavyuoni, na takaful ndiyo bora inapopatikana. Isipopatikana na sharti likawa la serikali, msafiri hana lawama. Na matibabu ya zahanati ya meli ni ghali, hulipwa na abiria mwenyewe.

Twahara

Maji ya mabombani katika meli hizi ni maji ya bahari yaliyoondolewa chumvi, au yaliyopakiwa bandarini. Yote ni maji yenye kutwahirisha. Masahaba walimuuliza Mtume (Swalla Allahu alayhi wasallam) kuhusu kutawadha kwa maji ya bahari wanapochukua maji machache ya kunywa, naye akawabainishia kuwa bahari maji yake ni twahara na maiti wake ni halali. Harufu ndogo ya dawa ya kusafishia maji haidhuru udhu.

Tabu ipo chooni. Vyoo vya meli hunyonya kwa upepo, na vyumbani kwa kawaida hamna bomba la kustanjia. Chukueni kopo dogo la plastiki kutoka nyumbani. Ni kitu cha shilingi chache, lakini tumewaona watu wazima wakihangaika siku nzima kwa kukikosa. Na msitupe chooni kitu kingine chochote isipokuwa karatasi ya chooni, kwani choo kimoja kikiziba huathiri na vya jirani.

Mtu akitapika kwa mawimbi, matapishi ni najisi, kwa hivyo aoshe mwili na nguo zilipoingia. Lakini kutapika hakutengui udhu katika madhehebu yetu.

Chetezo na makaa viacheni nyumbani. Meli zinakataza kitu chochote cha moto vyumbani, na pasi na birika za umeme huchukuliwa mlangoni. Moshi wa udi utaamsha king'ora.

Kibla

Sisi wa Unguja na Pemba tumezoea kuelekea karibu kaskazini moja kwa moja, kwa kuwa Makka iko juu yetu katika ramani. Mazoea haya humponza msafiri. Ukiwa Dubai, kibla ni magharibi kikielekea kidogo kusini. Ukiwa Mediterania ya magharibi, ni kusini mashariki. Na meli yenyewe inageuka usiku kucha.

Tuliwahi kusafiri na familia kwa meli ya namna hii katika Ghuba. Siku ya kwanza tuliweka simu juu ya meza ya chumba, kibla kikaonesha mlangoni. Tukaiweka kitandani, kikaonesha bafuni. Meli ni chuma, na dira ya simu huvurugwa na chuma. Tulichofanya ni hiki: televisheni ya chumba ilikuwa na ramani inayoonesha meli ilipo na upande inaoelekea. Ukishajua meli inaelekea wapi na Makka iko wapi, unapata kibla kwa hesabu nyepesi. Mchana jua husaidia, na wahudumu wa mapokezi hawakuona tabu kutuulizia kwa mabaharia.

Kuelekea kibla ni sharti katika meli, katika faradhi na hata sunna, kwa abiria mwenye uwezo. Meli ikigeuka nawe umo ndani ya swala na ukatambua, geuka pole pole na swala yako ni sahihi. Ukijitahidi kisha baada ya swala ukapata yakini kuwa ulikosea, katika madhehebu yetu utairudia.

Kusimama katika swala

Hili ndilo kosa kubwa tuliloliona. Katika safari hiyo tulikutana na bi mkubwa mmoja wa kwetu, amekuja na wajukuu zake. Siku ya nne alituuliza kwa unyenyekevu kama swala zake zimekubaliwa, kwa sababu tangu apande alikuwa akiswali kwa kukaa. Aliambiwa na jirani yake kabla ya kuondoka kuwa chomboni watu huswali wamekaa.

Imepokewa na Daraqutni na Hakim kutoka kwa Ibn Umar (Allah awaridhie yeye na baba yake) kuwa Mtume (Swalla Allahu alayhi wasallam) aliulizwa kuhusu swala ndani ya jahazi, naye akaelekeza kuswali kwa kusimama ila mtu akikhofia kuzama. Wanavyuoni wakaingiza katika udhuru huo kizunguzungu na khofu ya kuanguka. Kwa hivyo asili ni kusimama, na kukaa ni kwa mwenye udhuru.

Tulimuuliza: siku zile mbili za mwanzo, bahari ilipochafuka, ulikuwa ukiweza kusimama? Akasema hapana, hata kwenda chooni alishikwa mkono. Tukamwambia swala hizo ni sahihi. Na siku ya tatu, bahari ilipotulia? Akanyamaza, kisha akasema alikuwa akitembea mwenyewe mpaka kwenye chakula. Tukamwambia hizo za siku ya tatu azirudie kwa kusimama, maana alikuwa na uwezo, na asihuzunike, kwani Allah (Subhanahu wa Taala) anajua kuwa alikusudia kuabudu. Alizilipa jioni hiyo hiyo. Tunalitaja hili kwa sababu hakuwa mvivu wala mjinga. Alikosa mtu wa kumwambia kabla.

Nafasi chumbani ni finyu, lakini baina ya kitanda na meza mswala mmoja huenea. Chumba kilicho katikati ya meli na sitaha za chini hakitikisiki sana, na wazee wawekwe huko. Ama dawa za kuzuia kutapika, nyingine huleta usingizi. Mtu awekewe wa kumuamsha.

Kufupisha na kujumuisha

Msafiri wa safari ya halali ya masafa yanayofika takriban kilomita 82 kwenda, mwenye mahali maalumu anapokusudia, ana ruhusa ya kufupisha Adhuhuri, Alasiri na Isha kuwa rakaa mbili mbili. Maghribi na Alfajiri hazifupishwi. Anaruhusiwa pia kujumuisha Adhuhuri na Alasiri, na Maghribi na Isha, kwa kutanguliza au kuchelewesha. Anayetanguliza aanze na ile ya kwanza, anuie kujumuisha ndani yake, na afuatanishe bila ya kukawia. Anayechelewesha anuie hivyo kabla wakati wa ile ya kwanza haujatoka. Niya ya kufupisha iwepo wakati wa takbira ya kuhirimia.

Masuala matatu huwatatiza watu wa meli:

La kwanza: wazazi wametoka Unguja, wakakusudia kukaa Dubai kwa mtoto wao wiki nzima kabla ya meli. Aliyenuia kukaa mahali siku nne kamili, bila ya kuhesabu siku ya kufika na ya kuondoka, huwa mkaazi tangu anapofika, na anaswali kamili. Sasa wamepanda meli saa saba mchana, nayo inang'oa nanga jioni. Alasiri wanaiswali ngapi? Rakaa nne, maana meli bado imefungwa gatini. Ruhusa yao huanza chombo kinapoanza kwenda. Ama aliyefika Dubai jana tu kwa niya ya kupanda meli leo, huyo bado ni msafiri na anafupisha.

La pili: katika bandari za njiani ambapo meli hulala siku moja, usafiri haukatiki, wanaendelea kufupisha. Lakini ndugu yetu muulizaji, ambaye Muscat ndipo maskani yake, meli ikifika Muscat yeye amefika kwake: ataswali kamili mpaka meli iondoke, na wazazi wake watafupisha. Wakimfuata yeye kama imamu, nao itawalazimu kutimiza. Basi hapo baba awe imamu.

La tatu: Ijumaa. Msafiri halazimiki, na ndani ya meli ataswali Adhuhuri. Ikisadifu meli iko bandarini na msikiti uko karibu, kuhudhuria ni bora, lakini angalieni saa ya kurejea. Kwa kawaida abiria hutakiwa wawemo ndani nusu saa au saa nzima kabla ya kuondoka, na meli haimngoji mtu. Tena kuna saa ya meli na saa ya mji, na huweza kutofautiana; ulizeni tangazo limefuata ipi.

Nyakati za swala zipakueni simuni kabla ya kuondoka, kisha funga mtandao wa simu. Mtandao wa baharini hupita kwenye setilaiti, na gharama yake imewaliza wengi. Juu ya sitaha, kuchomoza na kuzama kwa jua mtaviona kwa macho yenu, na hiyo ndiyo asili ya nyakati.

Chakula na vinywaji

Msijengee dhana kuwa meli inayotoka nchi ya Kiislamu basi nyama yake yote ni halali. Meli inaweza kuwa imepakia nyama yake bara jingine. Kampuni zina utaratibu wa maombi ya chakula maalumu: andikeni mapema, wiki kadhaa kabla, mtake jibu la maandishi, kisha siku ya kwanza muonane na msimamizi wa mkahawa ana kwa ana. Wako wanaoegemea ruhusa ya kichinjo cha Watu wa Kitabu, nayo imo katika Suratul Maida aya ya 5, lakini ruhusa hiyo inahitaji kujua aliyechinja ni nani na amechinja vipi, na humo melini si rahisi kulijua hilo.

Kisichopatikana halali yake, achaneni nacho. Samaki na vyakula vya baharini, mayai, wali, mboga, matunda na mkate vinatosha kwa wiki moja, na sisi ni watu wa samaki. Hata hivyo, ulizeni mambo haya: samaki amepikwa kwa mvinyo? Mafuta ya kukaangia yamekaangiwa na nguruwe? Jiko la kuchomea ni moja? Jelatini ya vitamutamu imetokana na nini? Keki imetiwa pombe? Wapishi wazuri hawakasiriki kuulizwa.

Kuhusu meza, imepokewa kwa Tirmidhi kutoka kwa Jabir (Allah amridhie) katazo la kukaa kwenye meza inayozungushwa pombe. Baadhi ya meli huwapangia abiria meza ya pamoja na wageni wakati wa chakula cha usiku. Ombeni meza ya familia peke yenu. Na katika kununua vinywaji, kuna vifurushi vyenye pombe na vifurushi vya soda na maji ya matunda. Ikiwa tiketi imekuja na kifurushi cha pombe kama zawadi, ombeni kiondolewe. Mtu asilipie pombe hata kama hatoinywa.

Bahati nasibu na bingo za kulipia ni kamari hata zikichezwa ukumbini na watoto wapo. Michezo isiyo na dau haina tatizo.

Wanawake na watoto

Safari ya matembezi si ya faradhi, kwa hivyo mwanamke asafiri na mume au mahram wake. Mabwawa ya wazi ni ya mchanganyiko na hayana sitara. Penye saa au sehemu maalumu za wanawake, ulizeni kabla ya kulipa, msitegemee kuambiwa baadaye.

Watoto huwa na klabu zao. Muangalie nini wanafundishwa na wanalishwa nini, na muwaandikishie kuwa hawali nyama isiyo halali. Chumba chenye baraza kisiwe cha watoto wadogo.

Usalama

Watu wa visiwa hivi hatuhitaji kukumbushwa. Tulizika Septemba 2011 baada ya MV Spice Islander, tukazika tena Julai 2012 baada ya MV Skagit. Tunawaombea wote daraja ya shahidi, ambayo Mtume (Swalla Allahu alayhi wasallam) amemuahidi mwenye kufa kwa kuzama.

Januari 2012 meli kubwa ya kitalii, Costa Concordia, iligonga mwamba kwenye kisiwa cha Giglio, Italia, wakafa watu 32. Wako abiria waliokuwa wamepanda siku hiyo hiyo na hawajafanyishwa mazoezi ya dharura. Tangu 2015 kanuni za kimataifa zinataka mazoezi hayo yafanywe kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka. Msiyakimbie. Jueni kituo chenu cha kukusanyika, jueni majaketi ya kuokolea yalipo, na mzee awe na mtu mmoja aliyepewa jukumu lake. Ishara ya dharura ni milio mifupi saba au zaidi ikifuatiwa na mmoja mrefu. Ukiisikia umo ndani ya swala, ikate uende, kwani kuokoa nafsi ni wajibu na swala italipwa. Kumfunga ngamia ni katika kutawakali.

Maradhi na mauti

Chukueni dawa za wazee za kuzidi siku za safari, na ziwe mkononi, si katika sanduku linalopakiwa. Mwenye maradhi mazito amuone daktari wake kabla.

Mtu akifariki ndani ya meli, meli kubwa huwa na chumba baridi cha kuhifadhia maiti mpaka bandarini. Familia iombe kwa uongozi nafasi ya kumuosha, kumkafini na kumswalia. Wanavyuoni wamesema kuwa ikitarajiwa kufika pwani kabla maiti hajaharibika, hungojewa akazikwa ardhini; isipotarajiwa ndipo huoshwa, akakafiniwa, akaswaliwa na kuteremshwa baharini. Leo, kwa chumba baridi na bandari za karibu, hukumu ni kungoja. Kila mmoja aache wasia wake umeandikwa nyumbani, na madeni yake yajulikane.

Khitimisho

Ndugu yetu muulizaji, jibu letu ni kuwa safari inafaa kwa masharti tuliyoyataja, na dini haina uzito wowote ndani ya meli kwa aliyejiandaa. Allah (Subhanahu wa Taala) amempunguzia msafiri rakaa, amemkusanyia nyakati, na amemruhusu mgonjwa kukaa. Kinachopotea huko baharini hupotea kwa kutouliza mapema. Basi someni dua ya kupanda chombo iliyomo katika Suratu Hud aya ya 41, na mchukue mswala, kopo na ratiba ya swala kabla ya kuchukua miwani ya jua.

Baada ya kumtumia muhtasari wa majibu haya, alituandikia tena. Amesema yeye na dada zake wamekaa na kukubaliana kuwa fedha zilizochangwa zimpeleke mama Umra mwaka huu pamoja na baba, na jina lake liandikishwe kwa Hijja. Meli wameiweka mpaka mama atakaporudi. Tunawaombea Allah awakubalie, awape wazee wao afya ya kuyatimiza yote mawili, na awarejeshe wasafiri wetu wote majumbani kwa salama.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi. Wabillahi tawfiq.